Kimepasuka, Lakini Hakijaachia

Tulikuwa tumeshaipita Ipinda, tunakwenda Matema kula Pasaka, lori lililokuwa mbele yetu likarusha jiwe. Paa! Kioo cha mbele cha gari kikachanika kama utando wa buibui, usoni kabisa kwa mume wangu. Binti yetu akapiga yowe kule nyuma. Cha ajabu, hakuna hata kipande kimoja kilichotuangukia.

Mume wangu akaegesha pembeni, akakipapasa kile kioo kwa ndani, kimya. Nilijua anawaza nini. Miezi miwili tulikuwa hatuelewani kwa sababu ya kioo.

Ugomvi wenyewe

Tunajenga Matema, kwenye kiwanja cha ukoo wake. Ndoto yake ni mlango mpana wa kioo, asubuhi alione Ziwa Nyasa na Milima ya Livingstone akiwa bado kitandani. Mimi sikutaka hata kusikia. Mwaka jana, kwenye nyumba tuliyopanga Mbeya, binti yetu alikimbia akauparamia mlango wa kioo cha kawaida. Kikavunjika mapande marefu kama visu. Akashonwa nyuzi saba mkononi. Mzazi mwenzangu, ukishafuta damu ya mwanao sakafuni, kioo hukitazami tena kama zamani.

"Sasa mama, tuishi kama tuko stoo?" akaniuliza siku moja.

"Bora stoo kuliko wodini," nikamjibu. Tukalala tumepeana migongo.

Siri iko katikati

Lile jiwe ndilo lililotupatanisha. Kioo cha mbele cha gari ni cha lamineti, yaani vioo viwili vilivyogandishwa kwa joto na mgandamizo, katikati kuna utando wa plastiki uitwao PVB. Wazo lilianzia Ufaransa. Inasimuliwa kuwa mwaka 1903 mkemia Édouard Bénédictus aliangusha chupa ya maabara, ikapasuka lakini haikusambaratika, kwa kuwa ndani ilikuwa na utando uliokauka. Mwaka 1909 akaiombea hataza mbinu yake.

Hapa wengi wanadanganyika. Lamineti si kioo kisichovunjika. Ukikipiga, kinaweza kupasuka kama chenzake tu. Tofauti yake ni kinachofuata: vipande vinang'ang'ania utando, mtoto hakatwi na mapande, na mwizi inambidi apige tena na tena huku mtaa mzima unasikia. Na sisi wa bonde hili tuna sababu ya ziada. Desemba 2009 Karonga, ng'ambo tu ya mpaka, ilipigwa na mfululizo wa matetemeko ya ardhi. Nyumba ikitikisika usiku, hutaki kioo kikumwagikie kitandani.

Joto la Kyela nalo lina lake

Chukua vioo viwili vya milimita 3, uvilaze kimoja juu ya kingine bila gundi. Ugumu wake dhidi ya kupinda ni mara 2 ya kioo kimoja. Vishike viwe kitu kimoja, unapata mara 8. Lamineti huwa katikati ya hapo. Upepo wa ghafla kutoka ziwani ukikisukuma, utando unakaza na vioo vinafanya kazi pamoja, karibu na ile 8. Lakini mzigo ukikaa muda mrefu, tena kwenye joto, utando unalegea, vioo vinateleza kidogo kila kimoja kivyake, unarudi karibu na 2. Kwa hiyo kioo cha paa, ngazi au kizuizi cha baraza ambacho watu watakiegemea mchana kutwa, usimwachie fundi akisie kwa macho. Mtafute mhandisi akupigie hesabu.

Utando huo pia unazuia karibu miale yote ya UV ya jua, ambayo huchangia kufubaza mapazia. Joto lenyewe linapita, kwa hiyo paa lenye upenu mpana bado unalihitaji.

Kabla hujalipa

* Chungulia ukingo wa kioo. Lazima uone mstari wa utando katikati. Kile cha 3 kwa 3 chenye utando wa milimita 0.38 huandikwa 6.38.
* Kyela ina mvua nyingi kuliko sehemu kubwa ya Tanzania. Maji yakituama kwenye fremu, ukingo wa kioo unafanya ukungu na tabaka zinaachana. Fremu iwe na vitundu vya kutolea maji chini.
* Silikoni inayonuka kama siki iepuke, inaweza kuharibu utando. Omba isiyo na asidi.
* Pima vizuri kwanza. Kukikata upya ni kazi, maana vioo ni viwili na plastiki juu yake.

Sisi tulifikia wapi? Pesa hazikutosha kwa nyumba nzima. Tukaweka lamineti kwenye mlango na madirisha ya chini, pale mkono wa mtoto unapofika. Madirisha ya juu yana kioo cha kawaida. Dari la jipsamu litasubiri mwakani.

Wiki iliyopita binti yetu alibandika pua kwenye ule mlango, anahesabu mitumbwi ya Wakisi inayoleta vyungu kutoka Ikombe. Moyo ulinidunda, siwezi kuficha. Mume wangu akanishika bega, hakusema neno. Nami sikumwita mtoto arudi nyuma.