Ndege Ikigonga Mlima: Wachunguzi Hutafuta Nini? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza jinsi hewa nyepesi ya nyanda za juu inavyoipunguzia injini nguvu, na kwa nini ndege iliyojaa mafuta na abiria huhitaji njia ndefu zaidi ili kuruka Nyeri kuliko Mombasa. Leo tunaingia kwenye uchunguzi wenyewe. Ajali ikitokea, swali la kwanza midomoni mwa watu huwa ni nani aliyekosea. Mchunguzi aliyefunzwa kazi yake hulitanguliza swali jingine: ni mambo gani yaliyofuatana hadi ndege ikafika pale ilipoangukia, na ni lipi kati ya hayo tunaloweza kuliondoa kabla ya safari ya kesho?

Sisi wa Giakanja, huku Nyeri, tuna sababu ya kulijali jambo hili. Magharibi yetu ipo safu ya milima ya Nyandarua, yenye vilele vya Satima, karibu mita 4,000, na Kinangop, mita 3,906. Mashariki upo Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, mita 5,199. Asubuhi milima yote miwili huonekana vizuri. Adhuhuri ikikaribia, mawingu huipanda na kuifunika, na rubani aliyechelewa kuondoka hukuta ukuta mweupe usioonyesha palipo na jiwe na palipo na hewa tupu.

Tarehe 19 Julai 2003, ndege ya kukodi iliyotoka uwanja wa Wilson kuelekea Samburu iligonga Mlima Kenya karibu na kilele cha Lenana. Watu wote 14 walifariki: watalii 12 kutoka Marekani na marubani wawili. Tarehe 5 Juni 2018, mwendo wa saa kumi na moja jioni, Cessna Caravan iliyokuwa ikitoka Kitale kwenda Nairobi ilitoweka kwenye rada. Mabaki yake yalipatikana siku mbili baadaye katika Nyandarua, na hakuna aliyenusurika kati ya watu 10 waliokuwemo. Ilikuwa ikisafiri katika kimo cha takriban futi 11,000, katika safu yenye vilele vya karibu futi 13,000. Ajali zote mbili zilitokea ndege zikiwa katikati ya safari, mbali na shughuli za kuruka na kutua.

Nchini Kenya kazi ya kuchunguza ajali kama hizi ni ya Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege, iliyo chini ya wizara inayohusika na uchukuzi. Imetenganishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kwa sababu mamlaka hiyo ndiyo inayowapa marubani leseni na kuwaajiri waelekezaji wa ndege, na haifai ijichunguze yenyewe. Kanuni zinazofuatwa zimo katika Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago wa 1944. Kinasema waziwazi kwamba lengo la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, na kwamba kugawa lawama si kazi yake. Ripoti ya awali hutakiwa ndani ya siku 30, na ya mwisho ndani ya miezi 12 ikiwezekana. Nchi ilikosajiliwa ndege na nchi ilikoundwa zina haki ya kutuma wajumbe. Ndiyo maana ajali ya mlimani kwetu inaweza kuwaleta wataalamu kutoka Marekani, Kanada au Afrika Kusini.

Ndege ndogo nyingi hazibebi kisanduku cheusi, maana sheria haizilazimishi. Basi mabaki yenyewe ndiyo yanayohojiwa. Mchunguzi huanza kwa kutafuta ncha nne: pua, mkia na ncha za mabawa mawili. Zikipatikana zote mahali pamoja, anajua ndege haikukatika vipande angani. Kisha hutazama rafadha. Injini ikiwa na nguvu wakati wa kugonga, mapanga yake hujipinda na kujisokota, na uso wake hukwaruzwa kwa upana. Injini ikiwa imezimika, panga moja huweza kukunjwa nyuma kama jani la mgomba huku jingine likibaki limenyooka.

Hata balbu ndogo ya taa ya tahadhari hutoa ushahidi. Uzi wake ukiwa umewaka huwa laini, kwa hiyo kishindo huuvuta na kuurefusha. Ukiwa umezimwa hukatika tu. Hivyo mchunguzi mwenye kioo cha kukuza hujua ni taa ipi iliyokuwa ikimwonya rubani katika sekunde ya mwisho. Vilevile mshale wa kipimo huweza kupiga uso wa saa yake na kuacha alama ya mwendo au kimo cha wakati ule.

Lakini upo ushahidi usiongoja. Katika ndege za injini ya petroli, barafu huweza kujijenga ndani ya kabureta hata siku isiyo na baridi kali, ikaizima injini, kisha ikayeyuka kabla mtu yeyote hajafika. Hapo mchunguzi hutegemea rekodi za halijoto na unyevu wa siku ile, mazungumzo ya redio yaliyonaswa, picha za rada, daftari la matengenezo na maelezo ya mashahidi.

Ndiyo maana neno la mwanakijiji lina uzito. Ukisikia au kuona ndege ikianguka, angalia saa. Kumbuka ilikotoka, kama mawingu yalikuwa chini, na kama injini ilinguruma sawasawa hadi kishindo au ilikuwa ikikohoa. Okoa walio hai, wapigie polisi, kisha kipande cha chuma ukiache kilipo. Kinachouzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa shilingi chache huenda ndicho kilichobeba jibu.

Na jibu lenyewe lisiishie kwenye maneno "rubani alikosea". Nani alipanga njia ile? Kimo kile kiliombwa na nani, na nani akakiidhinisha? Ndege ilikuwa na kifaa cha kumwonya rubani kuhusu mlima ulio mbele? Rubani alikuwa amepumzika kwa saa ngapi? Rubani mmoja akilaumiwa na mengine yakiachwa yalivyo, mwenzake atakayepita njia hiyohiyo mwezi ujao atakuta mtego uleule. Mapendekezo ya ripoti ni deni tunalodaiwa na waliokufa, na wananchi wana haki ya kuuliza limelipwa kwa kiasi gani.

Sehemu ya tatu itaeleza utafutaji wa ndege iliyopotea milimani, na jinsi setilaiti zinavyoipokea ishara yake ya dharura.