Bunduki Marekani: Bunge latunga, majaji waamua

Kila yanapotokea mauaji ya halaiki kwa risasi nchini Marekani, wengi huuliza: mbona Bunge halipigi marufuku bunduki? Jibu limo katika Katiba.

Marekebisho ya Pili, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, yanataja kwanza jeshi la mgambo kuwa muhimu kwa usalama wa dola huru, kisha yanalinda haki ya wananchi kumiliki na kubeba silaha. Wanaotaka udhibiti husisitiza maneno ya mwanzo. Watetezi wa wamiliki wa bunduki hushikilia ya mwisho.

Mwaka 2008, Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kuwa haki hiyo ni ya mtu binafsi, na kubatilisha marufuku ya bastola mjini Washington. Hata hivyo, Jaji Antonin Scalia, aliyeandika uamuzi huo, alisema haki hiyo ina mipaka.

Mipaka hiyo ndiyo inayobishaniwa. Tarehe 23 Juni 2022, mahakama ilibatilisha sheria ya New York iliyomtaka raia athibitishe sababu maalumu ya kubeba bastola hadharani. Siku hiyo hiyo, mwezi mmoja baada ya wanafunzi 19 na walimu 2 kuuawa shuleni Uvalde, Texas, Baraza la Seneti lilipitisha uchunguzi mkali zaidi kwa wanunuzi walio chini ya miaka 21.

Mwaka 2024, majaji 8 kati ya 9 walikubali kuwa mtu ambaye mahakama imemwona kuwa tishio kwa usalama wa mwenzi wake anaweza kunyimwa silaha kwa muda.