Kuzaliwa kwa Nyota katika Pete za Katikati ya Galaksi

Ukiulizwa nyota mpya huzaliwa wapi katika galaksi parafujo, huenda ukajibu haraka: "Kwenye mikono." Jibu hilo ni sahihi, lakini halijakamilika. Katika baadhi ya galaksi hizo, nyota huzaliwa kwa wingi zaidi ndani ya pete nyembamba iliyozunguka kitovu. Mada hii inaeleza pete hiyo hutokeaje, na kwa nini gesi haianguki moja kwa moja hadi katikati.

Istilahi za kukumbuka

- Galaksi parafujo: galaksi bapa yenye mikono iliyojipinda kutoka katikati kwenda nje.
- Upau: mkusanyiko wa nyota uliorefuka kama upau wa chati, ukipita katikati ya galaksi. Galaksi parafujo nyingi zina upau, na Njia Nyeupe, ambayo ndiyo galaksi yetu, ni mojawapo.
- Mwakanuru: umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka mmoja.

Hatua za kutokea kwa pete

1. Upau huleta gesi. Kitu kinachozunguka hakiwezi kuanguka katikati mpaka kipoteze momenta yake ya mzunguko. Ndiyo maana Mwezi hautuangukii. Nyota za kwenye upau zimeachana mno, kwa hiyo hupishana bila kugongana. Mawingu ya gesi ni mapana, nayo hugongana. Yakigongana hupoteza nishati, na mvutano wa upau huyapunguzia momenta. Gesi huanza kuteremka ndani kwa kufuata njia mbili, moja kila upande wa upau. Katika picha, njia hizi huonekana kama mistari myeusi ya vumbi.

2. Gesi hukwama. Karibu na kitovu, uwezo wa upau wa kuipunguzia gesi momenta hupungua sana. Gesi huingia katika mzunguko unaokaribia kuwa duara na kubaki hapo. Fikiria kipilefti kinachopokea magari kutoka barabara mbili, huku njia ya kutokea ikiwa finyu. Magari hujazana kwenye mzunguko. Gesi nayo hujazana hivyo hivyo, na pete hupatikana.

3. Gesi husongamana na kupoa. Densiti ikiongezeka, mawingu ya molekuli za haidrojeni hujitokeza. Ndani ya wingu kuna mashindano: mvutano wa wingu hulibana, na kanieneo ya gesi hulitanua. Gesi ikipoa, kanieneo hupungua na mvutano hushinda.

4. Nyota huzaliwa. Wingu hugawanyika katika vipande, na kila kipande hujikunja na kupata joto. Halijoto ya katikati ikifika takriban nyuzi milioni 10, viini vya haidrojeni huanza kuungana na kutoa nishati. Hapo nyota imezaliwa.

Mfano halisi: NGC 1097

Galaksi hii iko umbali wa takriban miakanuru milioni 45, katika kundinyota la Tanuri, kwenye anga la kusini. William Herschel aliigundua mwaka 1790. Ina upau ulio wazi, na pete yake ya katikati ina kipenyo cha takriban miakanuru 5,000. Picha za infraredi zilizopigwa kwa darubini ya VLT nchini Chile zimeonyesha zaidi ya maeneo 300 ya kuzaliwa kwa nyota kwenye pete hiyo. Infraredi hutumika kwa sababu hupenya vumbi linalozuia nuru ya kawaida.

Katikati ya pete kuna shimo jeusi lenye tungamo la takriban mara milioni 140 ya Jua. Hata hivyo, si shimo hilo lililoijenga pete. Pete imejengwa na upau.

Tunajuaje kwamba nyota hizo ni changa?

Nyota kubwa na zenye joto kali hung'aa kwa rangi ya samawati, lakini huishi muda mfupi. Kilimia, nyota zilizowaongoza wakulima wengi kujua majira ya kulima, zina umri wa takriban miaka milioni 100, nazo ni changa zikilinganishwa na Jua lenye miaka bilioni 4.6. Nyota zinazong'aa zaidi kwenye pete ni changa kuliko hizo. Hesabu ifuatayo itakuonyesha umuhimu wa jambo hili.

Swali: Pete ina kipenyo cha miakanuru 5,000. Chukulia kwamba gesi na nyota zake huzunguka kwa kasi ya kilomita 300 kwa sekunde. Tafuta muda wa mzunguko mmoja.

Suluhisho:
Mzingo = 3.14 × 5,000 = miakanuru 15,700.
Kasi ya nuru ni kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo kasi tuliyopewa ni 1/1,000 ya kasi ya nuru.
Muda = 15,700 × 1,000 = miaka milioni 15.7.

Nyota yenye tungamo mara 20 ya Jua huishi takriban miaka milioni 10 tu. Yaani hufa kabla ya kumaliza mzunguko mmoja. Basi tukiiona pete inang'aa kwa nyota za aina hiyo, tunajua kwamba nyota bado zinazaliwa humo.

Tahadhari: gesi nyingi pekee haitoshi

Njia Nyeupe nayo ina gesi nyingi nzito katika eneo la miakanuru mia kadhaa kuzunguka kitovu chake. Hata hivyo, nyota zinazozaliwa huko ni takriban moja ya kumi ya zile zinazotarajiwa kwa densiti hiyo. Gesi ya huko ina msukosuko mkubwa na joto zaidi kuliko mawingu ya jirani na Jua, hivyo mvutano haushindi kwa urahisi. Kwa hiyo unapoeleza kuzaliwa kwa nyota, usiishie kwenye "gesi nyingi". Taja pia kupoa na kutulia kwa gesi.

Makosa ya kuepuka

- Kuandika kwamba shimo jeusi hufyonza gesi yote ya galaksi. Gesi yenye momenta ya kutosha huendelea kuzunguka.
- Kuandika kwamba joto la wingu husaidia kulibana. Joto huongeza kanieneo na kulitanua.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini gesi ya kwenye upau huteremka ndani, ilhali nyota nyingi hubaki?
2. Pete ina kipenyo cha miakanuru 3,000, na gesi yake huzunguka kwa kilomita 200 kwa sekunde. Tafuta muda wa mzunguko mmoja.
3. Taja sababu moja ya kutumia infraredi kuchunguza pete hizi.

Majibu

1. Gesi hugongana, hupoteza nishati na kupunguziwa momenta, nyota hazigongani.
2. Mzingo ni miakanuru 9,420. Kasi ni 1/1,500 ya kasi ya nuru. Muda ni miaka milioni 14.13.
3. Infraredi hupenya vumbi.