Mkuu wa Maktaba na Wasomaji wa Kando ya Ziwa

Maktaba ni nyumba ya vitabu vya kuazima. Mtu asiye na fedha ya kununua kitabu huazima, akasoma, akarudisha, na mwenzake akakichukua. Mkuu wa maktaba amepewa amana mbili: kuvilinda vitabu visipotee, na kuvifikisha kwa watu. Mara nyingi amana hizi mbili hushindana, na hapo ndipo hekima yake hupimwa.

Katika Kenya mlango wa maktaba haukuwa wazi kwa wote tangu mwanzo. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa Nairobi mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu peke yao kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, ambayo ilipeleka masanduku ya vitabu mashambani na kuwaazima wasomaji wengine kwa njia ya posta. Baada ya Uhuru, Bunge lilitunga sheria mwaka 1965 ya kuanzisha Bodi ya Maktaba za Taifa, nayo ikaanza kazi mwaka 1967. Katika miaka ya 1970 Bodi hiyo iliongozwa na Bwana Francis Otieno Pala. Mji wa Kisumu nao ukapata maktaba yake.

Lakini mtu wa Mfangano au Rusinga hawezi kupanda chombo kila juma kwenda Kisumu kuazima kitabu kimoja. Hapana budi kitabu kimfuate. Huko Garissa, tangu mwaka 1996, vitabu vimebebwa na ngamia kuwafuata wafugaji. Kando ya ziwa, sanduku laweza kusafiri kwa chombo.

Anayepeleka sanduku hana budi kutazama mambo matatu. La kwanza ni mtunzaji: awe mtu anayeaminiwa na kijiji, asiyesafiri na ufunguo mfukoni. La pili ni lugha: vitabu vya Kiingereza pekee vitawafaa wanafunzi, lakini mama anayetaka kusoma habari za malezi au kilimo atafurahi kuvipata kwa Kidholuo au Kiswahili. La tatu ni wakati. Wavuvi wa omena huvua usiku wa giza, wakivuta samaki kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kubwa, hupumzika. Sanduku likifunguliwa siku hizo litapata wasomaji.

Bila shaka vitabu vingine vitapotea, na vingine vitaloa maji. Mkuu mwenye hofu atalifunga sanduku, na hesabu yake itakuwa safi, lakini kijiji kitabaki bila kusoma. Mkuu mwenye busara huandika kila kitabu kilichoazimwa, huwadai wachelewaji kwa upole, na kila mwaka hutenga fedha ya kununua vingine. Kitabu kilichochakaa mikononi mwa watu kimetimiza kazi yake.

Fedha hiyo yatoka wapi? Katiba ya mwaka 2010 imeziweka maktaba miongoni mwa kazi za serikali za kaunti, na sheria yataka wananchi wasikizwe kabla ya bajeti kupitishwa. Kwa hiyo wakazi wanaotaka vitabu wahudhurie mikutano hiyo na kuvitaja kwa sauti, kama wanavyotaja barabara na maji. Na kila aliyeazima kitabu akirudishe kwa siku yake, kwa maana yuko jirani anayekingoja.