Kompyuta na Ukuta wa Shimo

Ninyi wenzetu mnaochimba mchanga, mawe au dhahabu mnajua vile ukuta wa shimo huanguka bila kubisha hodi. Je, kompyuta yaweza kutuonya mapema? Yaweza, ikipewa vipimo vya kweli.

Wahandisi hupima mawe na udongo, halafu huchora mteremko ndani ya kompyuta na kuukata vipande kama mkate. Hujumlisha nguvu inayoushikilia na ile inayouvuta chini. Ya kushikilia ikigawanywa kwa ya kuvuta, jibu likawa chini ya 1, ukuta huo unakuja. Maji ndiyo adui. Yakijaa ndani hulegeza mshiko, na jibu la jana si la leo tena.

Katika mgodi wa shaba wa Bingham Canyon, Marekani, mitambo iliona ukuta ukisogea tangu Februari 2013. Watu wakaondolewa. Tarehe 10 Aprili ukaporomoka mara mbili, na hakuna hata mmoja aliyeumia! Lakini kifusi kilifika mbali kuliko ilivyotarajiwa, kikaharibu malori makubwa yaliyoachwa chini.

Sisi mitambo hiyo hatuna. Penye ufa juu ya shimo, pigilieni kigingi kila upande, mpime nafasi kila asubuhi na kuiandika. Isipoongezeka, hiyo si ruhusa ya kushuka. Kuta nyingine haziaga. Ikiongezeka, au mvua ikinyesha usiku kucha, mtu asishuke. Na akina mama wanaoponda mawe huko chini waondoke pia, mbali kuliko mnavyodhani yatosha.