Fundi Hakumaliza Kazi, Sasa Anadai: Tumlipe?

Ilikuwa Jumamosi jioni, mwezi Juni 2023. Tulikuwa tumetoka kufanya usafi kanisani, tukamkuta kijana amekaa kwenye ngazi za baraza letu. Alisimama, akatuamkia kwa heshima, kisha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa karatasi ya madai. Salio la ufundi wa bafu, shilingi 400,000. Kuchimba mtaro wa bomba, shilingi 60,000. Jumla, shilingi 460,000. Chini yake palikuwa na jina la fundi ambaye hatukuwa tumemwona kwa miezi 11.

Baba watoto aliisoma, akaicheka, akairudisha mezani. "Bafu halina marumaru ukutani, mlango haujafungwa, maji yanatuama kwenye kona, halafu anataka yote? Tena na ya mtaro juu yake! Mwambie hakuna fedha hapa." Nasi hatukumpinga. Kwa miezi 11 tulikuwa tumeoga katika bafu lenye kuta za saruji tupu, huku tukikausha sakafu kwa tambara kila asubuhi. Hasira ilikuwa karibu.

Lakini yule kijana hakuondoka. Alikuwa saidia fundi wa kazi ile ile, aliyechanganya saruji na kubeba mchanga uani kwetu. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, mimi bado sijalipwa siku zangu. Fundi aliniambia nitalipwa hapa kazi ikifungwa."

Usiku ule hatukulala vizuri.

Akina mama wenzetu, nyumba nyingi zimepita hapo. Leo ni fundi bafu, kesho ni seremala aliyeleta kabati bila milango, au fundi cherehani aliyeshona sare upande mmoja. Fedha imebaki, kazi imebaki, na kila upande unasema umedhulumiwa. Mara nyingi mama ndiye anayebaki kati, kwa kuwa baba yuko kazini na fundi anabisha hodi kwake. Ndiyo maana tumeona vema kueleza yaliyotupata, pamoja na aibu yake.

Njia mbili zilizokuwa rahisi

Njia ya kwanza ilikuwa kukataa kabisa. Kazi haikumalizika, basi hakuna malipo. Neno hilo husikika kama haki, lakini ukilitazama vizuri lina kasoro. Tulikuwa tukioga wapi kila siku? Katika bafu alilolijenga yeye. Ukuta wa kugawa chumba aliupandisha yeye. Mabomba aliyatandaza yeye, na choo cha kukaa alikifunga yeye. Mtu hawezi kutumia kazi ya mwenzake kila asubuhi, kisha akasema haikufanyika.

Njia ya pili ilikuwa ya siri. Tulikuwa na fedha kidogo tuliyoipata zamu yetu ya upatu ilipofika. Tulifikiri tumpe kijana kimya kimya, baba watoto asijue, mambo yaishe. Tunakiri kwamba njia hiyo ilituvuta sana. Lakini ingekuwa kuziba ufa mmoja kwa kufungua mwingine. Deni lilikuwa la nyumba, na mapatano yalifanywa na wawili. Aidha, kulipa bila kuhesabu kungekuwa kumnyamazisha mdai tu, na huko si kumtendea haki. Ukitaka kumsaidia maskini, msaidie, lakini usiuite msaada malipo, wala malipo usiyaite msaada.

Daftari lilitusuta

Wodini sisi wauguzi tunafundishana tangu chuoni kwamba kisichoandikwa kwenye faili ni kama hakikufanyika. Desturi hiyo tumeileta nyumbani, nasi tuna daftari la matumizi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Jumapili baada ya ibada tulilifungua, tukiwa na hakika kwamba litatutetea.

Halikututetea. Tulikuta mapatano ya Juni 2022, ufundi shilingi 900,000. Advansi shilingi 300,000, kisha shilingi 200,000. Halafu, tarehe 23 Julai, kwa mwandiko wetu wenyewe: "Fundi ameomba marumaru za ukutani. Fedha hakuna." Marumaru zile tulizinunua tarehe 3 Septemba. Kwa wiki 6 fundi hakuwa na cha kubandika.

Kwa miezi 11 tulikuwa tukisema, "Fundi alitukimbia." Kumbe sisi ndio tuliomsimamisha kwanza. Tulipompigia Septemba alikuwa amepata kazi nyingine mbali na mji. Alisema angerudi baada ya wiki 2, hakurudi, na simu yake ikawa haipatikani. Hilo ni kosa lake, nalo halifutiki. Lakini kisa chetu kilikuwa na mwanzo ambao tulikuwa hatuusimulii.

Kulikuwa na jingine zito zaidi. Mapema mwaka 2023, kamati ilipokuwa ikitafuta fundi wa kukarabati nyumba ya mchungaji, jina lake lilitajwa. Sisi tulisimama mbele ya wote tukasema ni mtu wa kutoroka kazi. Jina likafutwa, kazi akapewa mwingine. Siku ile tulidhani tumelilinda kanisa.

Siku ya kukaa mezani

Tulimwita. Alikuja jioni pamoja na saidia wake, akasema, "Shikamoo baba, shikamoo mama," akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kufukuzwa. Tulimpa chai kwanza. Kisha sote tukaingia bafuni, kwa maana kazi huhesabiwa mahali ilipo.

Tuligawa mambo katika mafungu matatu: kazi iliyofanyika, kazi isiyofanyika, na kazi iliyofanyika vibaya. Siku chache kabla tulikuwa tumemleta fundi mwingine atupe bei. Kubandika marumaru za ukutani, kufunga bomba la mvua na mlango, alisema shilingi 220,000. Kurekebisha sakafu ili maji yaelekee tunduni, shilingi 70,000. Fundi wetu hakubishia bei hizo.

Kuhusu mtaro, mke wa nyumba hakujua lolote, maana alikuwa zamu. Baba watoto alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ni kweli. Bomba la barabarani lilikuwa mbali kuliko tulivyodhani. Nilimwambia achimbe, tutaelewana." Tutaelewana! Neno hilo limegombanisha watu wengi.

Hesabu ikawa hivi. Mapatano 900,000, toa kazi isiyofanyika 220,000, inabaki 680,000. Ongeza mtaro 60,000, inakuwa 740,000. Toa tulizokwisha kulipa 500,000. Salio ni 240,000, na ndani yake 70,000 inategemea sakafu.

Ndipo fundi akasema jambo lililotugusa. "Baba, mama, ile sakafu niliijua. Siku ile pima maji yangu ilikuwa imevunjika, nikakadiria kwa jicho. Niliporudi mjini niliona aibu kuja. Niruhusuni niirekebishe mwenyewe."

Tulikubaliana kumlipa shilingi 170,000 palepale, na 70,000 baada ya kumwaga ndoo ya maji na kuyaona yakienda yenyewe tunduni. Tuliandika nakala mbili, wote tukatia sahihi. Fundi akahesabu siku za yule kijana, akamlipa mbele yetu. Jumamosi iliyofuata alibandua safu za kona ile, akazipanga upya kwa marumaru tulizokuwa tumebakiza stoo. Ndoo ikamwagwa. Maji yakaenda.

Deni lililobaki

Fedha zikaisha, lakini lile neno tulilolisema mbele ya kamati lilikuwa bado linatembea. Ilitubidi kusimama mahali pale pale, mbele ya watu wale wale, tukasema kwamba fundi alisimama kwa kukosa vifaa vyetu, kwamba kosa lake lilikuwa kutorudi, na kwamba ameshalitengeneza. Tunawaambia kweli, kutoa shilingi 240,000 kulikuwa kwepesi kuliko kusema maneno yale. Nyumba ya mchungaji ilikuwa imeshakarabatiwa, na ujira ule hatuwezi kumrudishia. Tuliloweza ni kumpeleka kwa jirani aliyekuwa akitafuta fundi, safari hii tukisema mema na mabaya yake kwa kipimo chake.

Maandiko na sheria

Torati, katika Walawi 19 na Kumbukumbu la Torati 24, inaagiza ujira wa kibarua usilale kwa mwajiri hadi asubuhi, tena inataja sababu: mtu huyo ni maskini na moyo wake unautegemea. Yakobo, katika sura ya 5, anaonya kwamba ujira uliozuiliwa unapiga kelele mbele za Mungu. Tunapenda kuyasoma hayo tukiwafikiria matajiri. Lakini kwa saidia fundi aliyekaa kwenye ngazi zetu, tajiri ni sisi.

Naye Bwana Yesu, katika Luka 14, alizungumza juu ya mtu anayeanza kujenga mnara bila kuhesabu gharama. Sisi tulianza bafu bila fedha ya marumaru.

Sheria nayo haiko mbali na hayo. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, mapatano ya mdomo yaweza kuwa mkataba halali, mradi pande zote ziliridhia kwa hiari. Na kwa sheria ya mwaka 1971 ya ukomo wa madai, kwa kawaida mtu ana miaka 6 ya kufungua shauri la mkataba. Kwa hiyo karatasi iliyochelewa miezi 11 si karatasi iliyokufa. Hali kadhalika, nawe mwenye nyumba unayo haki ya kudai fidia kwa kazi iliyoharibiwa.

Kwa mama aliye na karatasi kama hiyo leo

Usijibu siku ile ile ukiwa na hasira. Pokea karatasi, taja siku ya kukutana, na siku hiyo uitimize.

Tafuta kumbukumbu zako zote, yaani daftari, risiti, na ujumbe wa malipo kwenye simu. Soma na yale yanayokusuta.

Mwite fundi mwingine akupe bei ya kumalizia na kurekebisha. Ikiwa ni umeme, asiguse mtu mpaka fundi mwenye leseni akague, maana hapo uhai wa watoto uko hatarini.

Kaeni wote, mume na mke, mbele ya fundi. Hesabuni mafungu matatu, muandike, mtie sahihi. Mkishindwa kuelewana, mwombeni mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote awasikilize kabla ya kufikiria mahakama ya mwanzo.

Fundi aliyechukua fedha ya vifaa akatokomea bila kufanya kitu hana salio la kudai. Wewe ndiwe unayemdai. Huruma isikufanye useme vinginevyo.

Na kwa kazi ijayo, lipa kwa hatua: hatua imekamilika, imekaguliwa, inalipwa. Kila nyongeza iandikwe siku hiyo hiyo, hata kama ni mstari mmoja.

Bafu letu sasa lina marumaru mpaka juu. Alizibandika fundi yule yule, kwa mapatano mapya ya shilingi 220,000, yaliyoandikwa, na vifaa vyote vikiwa ndani kabla hajaanza. Alimaliza kwa siku 4. Yule kijana alikuwa naye, na safari hii alilipwa kila jioni kabla jua halijazama.