Baruti ya mgodi haikuangusha nyumba za Kagera

Kila ardhi inapotikisika Kanda ya Ziwa na orodha ya michango kuanza kuzungushwa kwa ajili ya waliobomokewa, huku kwetu kati ya Kahama na Geita swali huwa lile lile: "Si migodi ndiyo inayoleta matetemeko kwa baruti zake? Sisi tuchange ya nini? Walipe wao." Nimeulizwa kwenye mikutano ya kijiji, nimeulizwa kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, nimeulizwa na madiwani. Mimi ni mjiolojia, na uvumilivu wangu kwa swali hili umekwisha, kwa sababu kila linapoulizwa kuna familia inayokosa bati.

Tuchukue tetemeko tunalolikumbuka wote. Jumamosi, Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ilitikisika mkoani Kagera kwa ukubwa wa 5.9, kitovu kikiwa jirani na Nsunga, wilayani Missenyi. Watu 17 walifariki na mamia wakajeruhiwa. Nyumba nyingi zilianguka na nyingine nyingi zaidi zikabaki na nyufa. Sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika hadi zikafungwa. Mtikisiko ulisikika mpaka Uganda na Rwanda.

Sasa tuhuma ya baruti. Kutoka Geita hadi kitovu kile ni takriban kilometa 200 kwa mstari ulionyooka. Mlipuko wa mgodi mkubwa hutikisa vijiji vya jirani, na kilometa chache tu kutoka hapo mtu aliyekaa kwenye kiti hausikii tena. Nani atuambie baruti iliyoshindwa kumwamsha mtoto mjini Geita iliwezaje kuvuka Chato, Biharamulo na Muleba ikaenda kuua Bukoba?

Pili, kina. Wataalamu wa Marekani wanaofuatilia matetemeko duniani walikadiria kwamba lile lilianzia kilometa 40 hivi chini ya ardhi. Bulyanhulu, mgodi wetu wa chini kwa chini ambao kila mtu wa Kahama anaujua, umeshuka kilometa moja na kidogo. Hata migodi yenye kina kirefu kuliko yote duniani, ile ya dhahabu ya Afrika Kusini, inaishia kwenye kilometa 4 hivi. Hakuna binadamu aliyewahi kutega baruti kilometa 40 chini.

Tatu, nguvu. Mawimbi ya tetemeko la 5.9 hubeba nishati inayozidi ya tani 10,000 za TNT zikilipuliwa kwa mpigo. Mgodini hakuna mpigo wa namna hiyo. Kabla ya kulipua, matundu huchorongwa kwa safu, kila tundu likatiwa baruti yake na kiwashio chenye muda wake, na hupasuka kwa kupishana sehemu ndogo sana za sekunde. Hufanywa hivyo makusudi ili mwamba uvunjike vizuri na mtikisiko upungue. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo huishia kwenye kuvunja na kurusha mawe. Inayogeuka kuwa mawimbi ya ardhini ni kidogo.

Nne, na hii peke yake ingetosha kumaliza ubishi: vipima matetemeko vinatofautisha. Mlipuko husukuma ardhi kwenda nje pande zote, kwa hiyo vituo vyote huanza kwa kuandika msukumo. Tetemeko hutokea vipande viwili vya mwamba vinapoteleza kimoja kando ya kingine, kwa hiyo vituo vya upande mmoja huandika msukumo na vya upande mwingine huandika mvuto. Hili halihitaji kiapo cha meneja wa mgodi. Linasomeka kwenye chati.

Wapo watakaonitajia Orkney, Afrika Kusini, ambako Agosti 2014 tetemeko la 5.5 lilihusishwa na uchimbaji. Ni kweli, uchimbaji wa kina kirefu kwa miongo mingi unaweza kulegeza mwamba ukateleza. Lakini tetemeko la Orkney lilitokea palepale penye migodi, halikutokea kilometa 200 kutoka hapo. Na anayeishi jirani na mgodi, ambaye ukuta wake unapata ufa kila mgodi unapolipua, ana madai halali yanayopaswa kupimwa kwa vifaa na kulipwa yakithibitika. Madai hayo yanadhoofika tunapoyachanganya na Kagera. Anayedai kila kitu bila kipimo hurudi mikono mitupu.

Chanzo chenyewe ni Bonde la Ufa tawi la magharibi, linalotanuka kutoka Uganda, Kivu na Tanganyika hadi Rukwa. Rukwa ilitikiswa kwa 7.4 mwaka 1910, wakati Geita hakukuwa na mgodi mkubwa hata mmoja. Ziwa Tanganyika lilitikisika kwa 6.8 mwaka 2005. Litatikisika tena.

Hilo hatuwezi kulizuia. Tulichonacho mikononi ni ukuta. Tofali la udongo lililounganishwa kwa tope, bila mkanda wa zege wa kulishika, halihitaji hata tetemeko ili lianguke. Machi 2015, kijijini Mwakata, wilayani Kahama, mvua ya mawe na upepo wa usiku mmoja viliua watu zaidi ya 40, wengi wao wakifukiwa na kuta za nyumba zao. Ukuta ulioua Mwakata unafanana na ulioua Kagera, na unafanana na uliosimama leo Msalala, Bukombe na Nyang'hwale.

Ndiyo maana mchango una kazi. Januari 2017, akiwa Kagera, Rais Magufuli alisema wazi kwamba Serikali haitamjengea nyumba mwananchi mmoja mmoja. Fedha, alisema, zingeelekezwa kwenye shule, zahanati na miundombinu ya umma. Ukubali usikubali, maana yake ilikuwa kwamba mjane aliyebomokewa alibaki na ndugu, majirani na sisi.

Kwa hiyo fanyeni haya. Fedha zipite kwenye kamati ya maafa, ambayo kisheria inapaswa kuwepo hadi ngazi ya kijiji, kwa akaunti moja iliyotangazwa. Baada ya tetemeko la Kagera viongozi waliondolewa kazini kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina linalofanana na ile ya maafa, na imani ya wachangiaji ikatikisika. Watia saini wawe watatu, mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji kila wiki. Nguo kuukuu acheni. Tumeni fedha, bati, saruji na nondo. Wiki za kwanza toeni turubai na chakula, kisha ujenzi kabla ya masika. Msigawe mifuko ya saruji bila fundi: lipeni fundi mmoja mwenye ujuzi asimamie nyumba kumi. Lenta, yaani ule mkanda wa zege, izunguke kuta zote juu ya milango na madirisha bila kukatika, kenchi zifungwe kwenye lenta kwa waya, pembetatu ya juu ya ukuta iwe ya mbao au bati badala ya tofali, vyumba viwe vifupi. Fedha zikipungua, jengeni chumba kimoja imara na muache vitatu vibovu. Wenye nguvu wachimbe msingi na kusomba mawe.

Na mgodi uombwe. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri. Diwani aende kwenye kikao cha halmashauri kinachojadili mpango huo na orodha ya nyumba zilizoanguka na gharama zake. Mgodi utabanwa kama jirani mwenye wajibu wa kisheria, na hapo hauna pa kukimbilia. Ukishtakiwa kwamba umeleta tetemeko, mwanasheria wake atashinda kabla ya chai.

Orodha ikikufikia, andika jina lako na kiasi chako, kisha uulize lenta itakuwepo au haitakuwepo.